Ngiri Aliyejifunza Mbio kwa Kongoni

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa ya walioshiba. Mimi nataka ya wenye miguu. Paukwa!

— Pakawaaa!

Naam, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, huko nyikani, palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka. Kila kiangazi wanyama walishindana mbio kwa ajili yake. Kila ukoo ulitoa mkimbiaji wake. Aliyefika kwanza, ukoo wake ulikunywa kwanza. Aliyemfuata, ukoo wake ukafuata. Lakini ukoo wa Nyati ukishaingia majini, lo! Kwato zile! Chubwi, chubwi, chubwi! Maji yote tope. Aliyefika nyuma ya Nyati alikunywa tope.

Na akina Ngiri walikuwa nyuma ya Nyati tangu enzi za mababu.

Si kwamba mkimbiaji wao hakuwa na mbio. Mbio anazo! Akitoka, ametoka, puruuu, mkia juu. Shida ilikuwa kusahau. Akifika katikati ya njia anaona mizizi mitamu. Anapiga magoti, anakula. Nilikuwa nakwenda wapi vile? Hakumbuki. Msicheke! Wangapi hapa wametumwa chumvi wakaishia kucheza?

Mwaka huo mdogo wake Ngiri wetu, jina lake Kachonge, aliugua tumbo kwa lile tope. Akakonda, akabaki masikio matupu. Mama Ngiri akamwita mwanawe mkubwa. "Mwanangu, mwaka huu utakimbia wewe. Tope lile Kachonge hataliweza tena."



Sasa, bingwa wa mbio nyika nzima alikuwa Kongoni. Mnamjua? Uso mrefu, pembe zimepinda, ukimwona amesimama humdhanii kitu. Lakini akikimbia, jamani! Ti-ti, ti-ti, ti-ti. Huoni jasho, husikii pumzi. Hata ndege walinyamaza wamtazame. Ngiri alijibanza kwenye nyasi, akamtazama mpaka machozi yakamtoka. Zile mbio zilikuwa nzuri mno.

Akaenda zake, akajifunga vijiti viwili kichwani, vikawa pembe. Akainua uso juu, juu kabisa, kama Kongoni. Akatoka, puruuu! Chini haoni. Pu! Ndani ya shimo alilolichimba muhanga. Tumbili akacheka nusura adondoke mtini.

Kongoni hakucheka. Akaja, akachungulia shimoni.

"Shikamoo, Dada Kongoni," sauti ikatoka chini.

"Marahaba. Unafanya nini humo, mdogo wangu?"

"Nakimbia kama wewe."

"Kwani mimi nakimbia kwa pembe?"

Ngiri akavifungua vile vijiti.

"Umetazama kichwa changu," Kongoni akasema. "Kesho njoo utazame miguu. Usipoelewa, uliza."

Mnamwona bingwa huyo? Wengine wangeficha. Yeye akasema njoo.

Ngiri akaja kabla jua halijachomoza. Kongoni akaanza polepole.

"Dada, mbona huendi kasi?"

"Kasi naiweka. Nitaitaka mwishoni."

Wakakimbia. Ngiri akaona kwato za Kongoni zinaigusa ardhi kidogo tu, ti-ti, ti-ti. Naye akajaribu. Ti-pu, ti-pu. Akajaribu tena. Ti-pu, ti-pu. Kila asubuhi akaja, kila asubuhi ti-pu, mpaka siku moja, ti-ti! Akaruka kwa furaha.

"Na njia yote ile, Dada, wewe huisahau?"

"Mimi siikimbilii chemchemi. Iko mbali, kuifikiria tu kunachosha. Nakimbilia kichuguu kile. Nikikifikia, nakimbilia mgunga ule. Nikiufikia, nakimbilia jiwe jeupe. Nikilipita jiwe, maji hayo hapo."

"Na mkia? Niushushe kama wako?"

"Uache juu. Huo ni wako."

Ngiri akayageuza maneno yale kuwa wimbo. Imbeni nami:

*Kichuguu, nakuja!*
*Mgunga, nakuja!*
*Jiwe jeupe, nakuja!*
*Maji, ningoje!*

Siku ya mbio ikafika. Pembe ikalia, puuu! Wote wakatimka. Ngiri akaanza polepole, ti-ti, ti-ti. Tumbili akamzomea. Ngiri akaimba: *Kichuguu, nakuja!* Akakipita kichuguu. *Mgunga, nakuja!* Akaufikia mgunga.

Na chini ya mgunga, jamani, mizizi! Minene, mitamu, inanukia. Magoti ya Ngiri yakaanza kukunjika yenyewe. Nilikuwa nakwenda wapi vile?

Nyuma yake, gudu-gudu, gudu-gudu, Nyati huyo!

Anakwenda wapi, jamani? Mwambieni!

— *Jiwe jeupe, nakuja!*

Ngiri akainua macho, akaliona jiwe. Magoti yakanyooka. Ile kasi aliyoiweka, sasa akaitoa yote. Puruuu! Pumzi za Nyati zikampiga kwenye mkia. Jiwe likapita. *Maji, ningoje!*

Na maji yakamngoja. Kongoni alikuwa wa kwanza, bila shaka. Swala akafuata. Halafu mkia uliosimama wima, halafu ndiyo Nyati, anahema.

Ukoo wa Ngiri ukateremka majini. Kachonge akapiga magoti, akainama anywe. Akashtuka.

"Mama! Kuna mtoto humu majini!"

Mama Ngiri akatazama. "Ni wewe, mwanangu."

Hakuwahi kujiona. Tope halionyeshi uso. Mama Ngiri akalia, Ngiri akalia, na Kongoni pale ukingoni akageuza ule uso wake mrefu upande wa pili. Kachonge akajitazama, akacheka, akanywa.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mkimwona hodari msimwonee haya. Mtazameni vizuri, mumuulize, mchukue anachokifanya. Pembe zake mwachieni, na mikia yenu mbaki nayo.

Hadithi yangu imelifikia jiwe jeupe, na hapo inaishia. Maji hayo hapo, kunyweni.