Kitoweo Kinachokuja kwa Miguu Yake

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, majirani zao na maneno yao mengi, palikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Pimbi. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna, meza kwanza, maana hadithi hii ni ya chakula na itakutia njaa upya.

Bi Pimbi alikuwa mdogo wa mwili, hazidi kibuyu cha maziwa. Aliishi katika pango la majabali na wanawe wawili, Tumbe na Kidawa. Kidawa, yule mdogo, alikuwa ametoka kuugua homa. Siku kumi hakutaka hata uji. Asubuhi ile ndipo alipofumbua macho akasema, "Mama, nataka wali."

Bi Pimbi nusura alie kwa furaha. Alikung'uta mtungi wa mchele, zikatoka konzi mbili. Hakukuwa na nyingine. Akazipeta, akazifunika kwa ungo, akasema moyoni kwamba hizo ni za Kidawa na hazigusi mtu.

Sasa sikilizeni. Kijiji kile kilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, wapishi wakikutana kisimani jioni huulizana leo wanapika nini, na lazima useme kweli. Ukificha utaitwa mchoyo mpaka mavuno mengine. Ya pili, mgeni akibisha hodi akanawishwa mikono, huwekewa chungu mbele yake ajipakulie mwenyewe, na hakuna wa kumwambia basi.

Desturi nzuri zote mbili, mpaka Bwana Fisi alipozijulia. Mama Ngiri akipika viazi vya nazi, Fisi huyo mlangoni. Bi Kanga akipika ugali na mlenda, Fisi huyo, mikono mbele, nawisheni. Jana yake tu alikula kwa Bi Kanga mpaka akaramba mwiko, na vifaranga wakalala na maji matumboni. Hakuna aliyejua alikuwa akipata wapi habari.

Jioni hiyo wapishi watatu walikuwa kisimani.

"Haya, leo mnapika nini?" aliuliza Mama Ngiri, akivuta kamba ya ndoo.

"Mimi matembele matupu," alisema Bi Kanga. "Unga nitautoa wapi? Yule bwana kaukomba. Na wewe, Bi Pimbi?"

"Wali na kunde za nazi," alisema Bi Pimbi kabla hajafikiri. "Kidawa leo ameomba kula."

"Afadhali, mwana wa watu."

Chakacha. Matete nyuma ya kisima yalicheza, na upepo haukuwapo. Bi Pimbi alitupa jicho. Katikati ya matete aliona sikio moja kubwa, limesimama.

Moyo ukamlipuka, paa. Kumbe Fisi hanusi, anasikiliza. Na sasa ameusikia wali wa Kidawa.

Afanyeje? Kukana hawezi, neno limeshatoka. Akipiga kelele, Fisi ataruka nje, na pale hakuna wa kushindana na taya zile. Bi Pimbi aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini alipandisha sauti.

"Ila jamani, huo wali ni wa kusindikizia tu. Leo nina nyama."

Bi Kanga aliangusha kata. "Nyama? Wewe? Umeipata wapi?"

"Sijaipata bado. Inakuja yenyewe kwa miguu yake, kabla jua halijazama. Nyama nene, shoga, mafuta yanateleza. Mama Ngiri, niazime ile sufuria yako kubwa ya shughuli. Njooni nayo nyote wawili, na mabakuli yenu."

"Nyama itembee?" Mama Ngiri alimtazama kama anayetazama mgonjwa. "Haya, tutaileta."

Kwenye matete kulisikika mate yakidondoka juu ya majani, to, to, to.

Nyumbani, Bi Pimbi hakukaa. Alichochea moto, akabandika wali na kunde, akatwanga pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, akakamua malimau manne, akatia vyote na chumvi katika birika la kunawia.

"Tumbe," alisema, "mgeni akiingia, wewe simama mlangoni na ushike ukuni. Nikikuuliza kitu, jibu. Usilie."

"Mama, nani anakuja?"

"Bwana Fisi."

Tumbe aliziba mdomo kwa viganja viwili. Kidawa, kitandani, akauliza kwa sauti ndogo, "Anakuja kula wali wangu?"

Bi Pimbi alimfunika shuka. Nje kulishaanza kusikika kishindo.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Fisi, karibu sana. Ni wewe hasa tuliyekuwa tunakungojea."

Fisi aliinama akapita mlango mwembamba, akajaza chumba kizima. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono. "Ninawisheni. Nimesikia leo hapa kuna nyama nene."

"Ipo. Hukusikia vibaya."

Bi Pimbi alimimina maji, chururu. Akamsugua viganja. Akapanda kwenye viwiko. Akapanda mpaka mabegani. Taya la Fisi lilikuwa shubiri moja kutoka shingoni mwake.

"Mbona maji yanawasha?" Fisi aliuliza.

"Ni limau na pilipili kidogo. Geuka nikupake na mgongo."

"Mgongo? Tangu lini mgeni akanawishwa mgongo?"

"Huwa tunafanya hivi kwa walionenepa. Viungo visipokaa mapema haviingii ndani."

Fisi alimkazia macho. Bi Pimbi alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, na huku akiendelea kusugua.

"Hiyo nyama," Fisi alisema polepole, "iko wapi?"

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Mama Ngiri.

Majirani waliingia wakiiburuta sufuria ya shughuli, garagaza, garagaza. Walipomwona Fisi mkekani waliganda. Bi Kanga mabawa yalimshuka. Mama Ngiri alifungua mdomo, na Bi Pimbi alijua kwamba neno moja tu la hofu lingewaua wote.

"Jirani," alisema upesi, akimtazama Mama Ngiri ndani ya macho, "kitoweo kimeshafika, na kimeshakubali viungo. Hebu pimeni kwa macho, hiyo sufuria itamtosha?"

Mama Ngiri alimtazama Bi Pimbi, akaliangalia birika, akamtazama Fisi aliyelowa limau hadi shingoni.

Aliyejibu ni Bi Kanga, yule aliyekombewa unga. Alinyoosha shingo, akamzunguka Fisi taratibu, akampima kutoka masikioni mpaka nyuma.

"Mkia utabaki nje," alisema.

"Mkia tutaukata wa supu," alisema Mama Ngiri, sauti yake nzito ikirudi. "Bora tu sufuria ikae juu ya moto tangu sasa."

"Tumbe, mwanangu," aliita Bi Pimbi, "kuni zinatosha?"

"Zinatosha, mama," alisema Tumbe mlangoni, midomo ikimcheza. "Nifunge mlango?"

Fisi hakungoja mlango. Aliruka, akajigonga kichwa juu ya jabali, ngo, akapitia juu ya Tumbe, akashuka mlima huku akilia na kujipangusa macho yenye pilipili. Aliivuka mito miwili bila kutazama nyuma.

Bi Pimbi aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Ndipo alipolia. Majirani walimwacha alie, wakamwepulia wali.

Kidawa alikula bakuli zima. Alikula polepole, punje kwa punje, akamaliza, akauliza kama kuna ukoko.

Basi wapishi hawakuacha desturi yao. Kesho yake walikutana kisimani kama kawaida, na Bi Kanga akauliza, "Leo unapika nini, Bi Pimbi?"

Matete yakasema chakacha. Bi Pimbi aliyageukia, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya matete, "Bado namngoja afike."

Matete yakalala, yakainuka, yakalala, mbali, mbali zaidi, mpaka yakatulia kabisa.

Hadithi yangu imeiva, naiepua, na funzo lake ni hili: anayekuzidi nguvu, mshike penye ulafi wake.