Viza vya Mama Atupele

Sogeeni, ila aliyetoka kula sasa hivi akae karibu na mlango.

Huko Tukuyu walikuwapo watu watatu waliofanya kazi kwa Mama Atupele, mtotoleshaji wa vifaranga. Tusekile alijaliwa pua: yai likianza kuoza, alilijua kabla halijapasuka. Ambakisye alijaliwa macho ya kusoma maandishi madogo kama mayai ya chawa. Lusajo alijaliwa mkono wa kompyuta.

Mashine zilikuwa mbili, ya mayai ya kuku na ya mayai ya bata. Kila moja ilikuwa na kipimajoto chake, na vyote viwili viliunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja iliyoongeza na kupunguza moto. Tangu mvua zianze, umeme ulikatika ovyo, na mayai yakaoza, yakawa viza. Yalipasuka yenyewe kwenye trei, uji wa kijani ukachuruzika, uvundo ukaganda kwenye nywele. Tusekile alinawa kwa ndimu, na bado kila tonge lilinuka viza. Aliichukia kazi ile hadi akaichukia pua yake.

Mama Atupele akatamka: "Atakayekomesha uozo huu hatagusa tena trei chafu. Mmoja tu! Trei ni nzito, wawili lazima wabaki."

Tusekile akaanza. Alinusa mashine kila umeme uliporudi, akagundua kuna siku hali ni shwari na kuna siku mashine moja inaungua huku nyingine ikipoa. Siku mbaya ilipofika, akakifunika kipimajoto cha kuku kwa kitambaa cha maji baridi. Kwenye kioo cha kompyuta, joto lililoshuka likawa la bata.

"Majina yamebadilishana!" akapiga kelele. "Umeme ukirudi, kinachowahi kuamka ndicho kompyuta inachokiita cha kuku!"

Ambakisye akafuata. Alivigeuzageuza vile vipimajoto, vinavyofanana kama pacha, akaona ubavuni mwa kila kimoja namba kilichotoka nayo kiwandani. Akazitafuta ndani ya kompyuta, akazikuta. Namba hizo hazikubadilika hata umeme ukatike mara ngapi.

Lusajo akamalizia. Aliandika amri ndani ya kompyuta: mwenye namba hii ni Kuku, mwenye ile ni Bata, hata akiamka wa mwisho. Ilimkatalia kutwa nzima. Ilipokubali, alizima na kuwasha mara kumi, na majina hayakuhama.

Uozo ukakoma. Zikabaki trei arobaini za mwisho, zimevimba kwa viza.

"Mimi ndiye niliyeujua ugonjwa," alisema Tusekile, kitambaa puani.

"Bila namba mngeandika nini?" akauliza Ambakisye.

"Na namba zenyewe zilitibu nini, kaka?" akajibu Lusajo. "Amri ni yangu."

Mama Atupele akamtazama Tusekile. "Na wewe mwanangu nikikuachia, nani atanusia viza kabla havijatupasukia usoni?"

Tusekile akakimbilia nje, akatapika. Kwa hiyo pua iliyowaokoa ndiyo imfunge humu maisha? Nyuma yake yai likapasuka, pu! Hakuna aliyesogea.

Haya, nyinyi mlioziba pua: trei zinasubiri, na wa kusamehewa ni mmoja. Nani aende zake, na nani mtamwambia usoni ashike brashi azisugue?