Mrihani wa Bi Zuwena

Jua la mche huulizwa jani. Shangazi yenu kamwambia hivyo baba yenu leo asubuhi, mkamwona baba yenu kanyamaza, na sasa mmenijia mbio kutaka kujua ni maneno gani hayo yanayomfunga mdomo mtu mzima. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na atakayenikatiza ataosha sufuria la pilau peke yake.

Palikuwa na mwanamke Pangani akiitwa Bi Zuwena, na kazi yake ilikuwa ukungwi. Kungwi wa kweli, si hawa wa siku hizi wanaokuja na spika. Msichana akishaposwa, anakabidhiwa Bi Zuwena amtie ndani siku arobaini. Dirisha linafungwa, mwali hapigwi na jua wala haonwi na mtu wa nje, anasuguliwa unga wa kunukia wa liwa asubuhi na jioni, anafundwa, na siku ya kutolewa uso wake unang'aa hata mamake humwangalia mara mbili. Miaka thelathini aliifanya kazi hiyo, na hakuna mwali aliyemtia aibu. Mwaka huo ikawa zamu ya mjukuu wake mwenyewe, Raya.

Sasa, katika ukoo wao bibi harusi hakuvaa kikuba cha sokoni. Lile shada dogo la majani ya kunukia analobandikwa kifuani lilichumwa kwenye mrihani wa nyumbani, uliopandwa na nyanya wa Bi Zuwena. Bibi harusi akishavaa, hupewa na tawi akalipande kwake. Ndivyo harufu ya yule bibi ilivyozunguka harusi zote za ukoo, na yeye yuko kaburini. Lakini mwaka huo mto ulifurika, ukachukua bustani yote ya Bi Zuwena na nusu ya nyumba yake. Mirihani ya ndugu zake ilikuwa imekufa siku nyingi. Aliokoa tawi moja tu, urefu wa kiganja. Akalitia kwenye glasi ya maji mpaka likatoa mizizi, akalipanda kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini, akahamia nalo kwa binti yake Arafa, mama wa Raya.

Nyumba ya Arafa ilikuwa ya mawe, imebanwa na majirani kila upande, haina hata ua wa kuanikia kanga. Arafa alipoona mama yake anazunguka na kopo vyumbani akamwambia, "Mama, mirihani sokoni imejaa. Ya nini kujitesa?"

"Ukininunulia mrihani wa sokoni, ninunulie na nyanya wa sokoni," Bi Zuwena akajibu. "Huu utaishi, na Raya atauvaa."

Basi akautunza kwa ujuzi aliokuwa nao, na ujuzi aliokuwa nao ulikuwa wa kutunza mwali. Akauweka chumba kile kile alimomfungia Raya, pembeni mwa kitanda, dirisha limefungwa. Kila asubuhi akaupangusa majani kwa kitambaa chenye maji, akautilia maji, akaunong'oneza. Mche ukarefuka upesi, naye akafurahi. Akawaita mashoga zake waje kuona. Hakuna aliyetaka kumwambia kwamba shina lilikuwa jembamba kama uzi, na majani yamegeuka rangi ya maji ya mchele. Siku ya kumi na tano mche ukalala kifudifudi juu ya mdomo wa kopo.

Bi Zuwena akavaa baibui, akaenda sokoni kwa muuza miche. Yule bwana akamsikiliza, akasema, "Mrihani ni mti wa jua, mama. Upe jua."

Jua tu, na Bi Zuwena hakuuliza lipi wala kiasi gani. Alirudi saa sita mchana, akapanda ngazi na umri wake ule, akauweka juu ya bati, jua la kiangazi limesimama utosini. Alipokwenda kuutazama baada ya adhuhuri, majani yalikuwa yamekauka kahawia, ukiyashika yanavunjika. Yalibaki manne, yaliyokuwa yamejificha chini. Akashuka na kopo, akaketi sakafuni chumbani kwa mwali, akalia. Alilia waziwazi, yeye ambaye alikuwa akiwakataza wali kulia.

Raya alikuwa amejifunika kanga kichwani kama alivyofundishwa. Akasema, "Bibi, naomba ruhusa ya kusema."

"Mwali hasemi. Mwali anasikia."

"Basi nitasema na mrihani, wewe utasikia." Akausogelea. "Ewe mrihani, siku kumi na tano tumekaa wote humu, mimi sina la kutazama ila wewe. Kila nilipoamka nilikuona umeinamia dirishani. Bibi akikuzungusha, kesho yake umeinama vile vile, unautafuta ule ufa wa mwanga kwenye ubao. Ulisema mchana kutwa. Hukuulizwa."

Bi Zuwena akafuta macho. "Na nilipokupa jua, mbona ukafa?"

"Anasema bado hajafa. Anasema alitolewa kizani akatupwa motoni. Hata mimi, bibi, ukinitoa leo ukanisimamisha juu ya bati saa sita, nitaanguka."

Bi Zuwena akalivuta kopo karibu. Kwanza alifikiri kuuhamisha mche, lakini vyumba vingine vyote vilitazama ukuta wa jirani. Jua la asubuhi lilikuwa na mlango mmoja tu katika nyumba ile, nao ni dirisha la chumba cha mwali, alilolifunga kwa mkono wake. Akilifungua, mji mzima utasema Bi Zuwena kawaanika wali. Asipolifungua, nyanya yake hatanukia tena katika harusi yoyote. Alikaa hapo mpaka Arafa akaleta chai, ikapoa.

Kesho yake, saa moja asubuhi, aliondoa komeo. Akafungua mbao za juu tu, za chini akaziacha, ili mpita njia asione kitu ila jua liingie. Wakagawana kazi. Raya akachora mstari wa mkaa sakafuni pale jua lilipofika, na siku ya kwanza mche ulikaa juani muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ukarudishwa kivulini. Majani yakisimama, kesho unaongezewa. Ncha zikianza kujikunja, unapunguziwa. Ukiinamia upande mmoja, kopo linageuzwa. Mashoga walikuja kusema, na mmoja akauliza kama siku hizi wali wanaanikwa kama dagaa. Bi Zuwena akamkaribisha chai, na dirisha hakulifunga. Siku ya kumi likachomoza chipukizi pembeni mwa shina, fupi, nene, la kijani kibichi. Siku ya ishirini mche ulikuwa unakaa juani kuanzia saa moja mpaka saa nne, nao umetanuka ukajaza mdomo wa kopo.

Asubuhi moja, kanga imeteleza kichwani mwa Raya, Bi Zuwena akauona uso wa mjukuu wake katika mwanga kwa mara ya kwanza tangu amtie ndani. Alikuwa amekonda, anakunja macho. Miaka thelathini alikuwa akiwatazama wali kwa mwanga wa taa.

"Na wewe je?" akamuuliza.

Raya hakuwahi kuulizwa. "Nataka nikae hapa kwenye jua pamoja na mche. Basi."

Akakaa.

Siku ya harusi Raya alivaa kikuba cha mrihani ule, kidogo, majani kumi na moja, na ukumbi wote uliinusa ile harufu ya zamani. Mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu, mwanamke mwenye sauti, akasimama mbele ya watu akasema, "Tunashukuru. Ila kwetu bibi harusi hukaa ndani miezi mitatu mingine, mlango umefungwa. Ndiyo mapenzi yetu."

Wote wakamgeukia Bi Zuwena, kungwi wa mji, wakijua atakubali. Naye alikuwa ameshika kopo mkononi, tayari kumpa Raya akapande kwake. Akamkabidhi bibi harusi, kisha akamwambia Bi Mwanamkuu, "Mapenzi ninayo hata mimi, mwenzangu, na kwa mapenzi hayo nusura niuue mche huu mara mbili. Jua la mche huulizwa jani. Jani ndiye huyo hapo. Muulize."

Hakuna aliyekumbuka mama mkwe kumuuliza bibi harusi jambo siku ya harusi. Bi Mwanamkuu alimtazama Bi Zuwena, akautazama mche, kisha polepole akamgeukia Raya.

"Haya, mwanangu. Wasemaje?"

Na Raya akasema.

Haya, inukeni. Baba yenu yuko barazani, na nadhani sasa yuko tayari kuwauliza kuhusu ile shule aliyowachagulia. Jua la mche huulizwa jani.