Kiti cha Aliyeufungua Mlango

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, si ile ya fisi kuoa na sungura kushuhudia, palikuwa na mji ulioitwa Kisima Kimoja. Jina lake ndilo hali yake. Kisima kilikuwa kimoja, maji yake matamu, na kila mtu alichota.

Akaja Mudiri mpya kuutawala mji. Huyu alikipenda kisima kuliko wote waliomtangulia, hata akakizungushia ukuta, kikawa ndani ya ua wake. Watu wakaanza kwenda mtoni, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Waliponung'unika, Mudiri akatoa amri: "Atakayesema habari za kisima, korokoroni. Atakayeandika habari za kisima, korokoroni." Kuchora hakukutaja. Aliona kuchora ni mchezo wa watoto.

Hapo alikosea, maana mjini mle mlikuwa na Chama cha Picha na Haki.

Mwenyekiti wa chama hicho alikuwa Bi Salhina. Kazi yao ilikuwa moja. Tajiri akimpiga mtumishi wake, wao huja na rangi, wakamchorea ile fimbo ukutani kwake, fimbo tupu, bila neno. Tajiri akitoka, fimbo. Akirudi, fimbo. Mwisho huona haya, akaenda kuomba radhi. Bi Salhina alikuwa akisema, "Neno ukishalisema limekwenda. Picha hubaki inamtazama mtu."

Mumewe aliitwa Sudi, fundi wa kufuma vitanda vya kamba. Sudi alikuwa mtu wa sala na mtu wa kamba, basi. Picha hakuzielewa. Siku moja aliona kazi mpya ya mkewe akauliza, "Mke wangu, ndizi hizi za nini?" Ilikuwa mikono ya wafungwa. Bi Salhina alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kiti alichokalia kila mkutano wa chama, kiti cha mvule chenye kamba za katani, alikifuma Sudi kwa mikono yake, na kila mwaka aliilegeza kamba akaifuma upya, ili mkewe asiumie mgongo.

Mwaka ule wa ukuta, Bi Salhina akaugua. Asubuhi moja, homa ikiwa kichwani, akajikokota hadi kwenye ukuta wa kisima, akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari mmoja chini, wa kizingiti. Mstari ukapinda. Akawaambia wanachama, "Malizieni mlango." Akarudi nyumbani, akalala.

Jioni akamwita mumewe. "Sudi, kiti changu mpe aliyeufungua mlango."

"Mlango gani?"

"Ule."

"Wa ukutani? Mke wangu, ule ni mkaa."

"Mpe aliyeufungua."

Akatoa shahada, akaenda zake. Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti. Sudi akabaki na kiti ndani ya nyumba. Hakuweza kukikalia, hakuweza kukitazama, wala hakuweza kukitoa. Wosia ni wosia. Lakini nani afungue mlango wa mkaa?

Sasa sikilizeni yaliyotokea kabla ya arobaini kutimia.

Katika chama alikuwamo Faki, mchoraji ambaye mjini pale hakuwa na mfano wake. Faki akaufuata ule mstari uliopinda, akaumaliza mlango. Akachora mbao na mishipa ya mbao. Akachora nakshi, akachora misumari ya shaba, kila msumari na kivuli chake. Alipomaliza, mbuzi wa jirani alikuja mbio akataka kuingia, akajigonga paji, akarudi nyuma, akaomba radhi kwa namna ya mbuzi. Siku ya pili wanawake walikuja na ndoo wakapanga foleni. Walijua? Hawakujua? Foleni ikishapangwa, mtu haulizi.

Askari wakamkimbilia Mudiri. "Bwana, ukuta una mlango."

"Nani kauweka?"

"Haijulikani, Bwana. Umeota."

Mudiri akaenda, akautazama, akakohoa. Akasema, "Ulindwe." Wakawekwa askari wawili, wakaulinda kwa zamu, na kila mpita njia aliambiwa, "Pitia mbali, hapa ni mlangoni."

Siku ya kumi na moja Mudiri akasema, "Uwekwe kufuli." Akaja mhunzi na kufuli ya chuma ya ratili mbili. Akatafuta pa kuitia, asipaone. Akaibandika, ikamwangukia mguuni. Mudiri akasema, "Mlango huu unataka kufuli ya namna yake." Hakusema kwamba mlango umechorwa. Mtu mkubwa hasemi hivyo baada ya kuuwekea askari.

Akaitwa Mashavu, mwandika vibao. Ndiye aliyeandika "Kinyozi" na "Hoteli" na "Usitupe Taka" kote mjini, naye alikuwa mwanachama wa chama. Mudiri akamwamuru achore kufuli, naye akaichora. Lo! Wenzake wakamtemea mate chini. "Msaliti! Kibaraka wa Mudiri! Bi Salhina hajamaliza hata siku ishirini kaburini, wewe unatufungia mlango!" Mashavu akaosha brashi zake.

Kulipokucha Mudiri akaja kukagua. Akatazama kufuli. Akasogea. Akavaa miwani. Kufuli ilikuwa wazi.

"Nani kaifungua?" Askari wakatazamana. "Mmelala! Mtu ameingia kisimani!"

Na mtu aliyekuwa karibu na mlango alikuwa mmoja tu, Bi Tunu. Huyu alikuwa kipofu tangu utotoni, na chamani kazi yake ilikuwa kufagia na kushika ngazi isiteleze. Tangu mlango ulipochorwa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kila siku, na kila siku alibisha. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Anangoja kidogo, anabisha tena.

"Mkamateni, ameingia."

Askari mmoja akasema kwa adabu, "Bwana, mbona yuko nje?"

"Ametoka!"

Bi Tunu akalala korokoroni siku kumi na moja, akapelekwa kwa Hakimu. Hakimu yule alikuwa mtu wa sheria tu. Ukimwambia ng'ombe amepanda juu ya mnazi, huuliza kwanza mnazi ni wa nani. Akafungua daftari.

"Kosa?"

"Kuingia kisimani kwa mlango, bila kibali," akasema Mudiri.

"Mlango upo?"

Watu wa baraza wakageuka kumtazama Mudiri. Akisema haupo, ameweka askari kulinda chokaa siku ishirini na tatu. Mudiri akajifuta jasho. "Upo."

"Apa."

"Wallahi, mlango upo."

"Una kufuli?"

"Unayo."

"Imefungwa?"

"Iko wazi, Mheshimiwa! Ndilo kosa lenyewe!"

Hakimu akalamba kidole, akafunua karatasi, akasoma polepole. "Sheria ya mji, iliyotiwa saini na Mudiri mwenyewe: kila mlango unaotazama njia ya watu, ikiwa haukufungwa kwa kufuli, uwe wazi tangu jua kuchomoza hadi jua kutua." Akafunga daftari. "Bi Tunu hana kosa. Mlango ulio wazi ni wa wapitao. Mudiri aufungue kesho asubuhi. Baada ya hapo utakuwa katika dhamana ya mwenyekiti wa Chama cha Picha na Haki, maana picha ni yao. Chama kikikosa mwenyekiti siku ya arobaini ya marehemu, alasiri, Mudiri ana ruhusa ya kuuziba."

Kesho yake mji mzima ulikuja, na Sudi akaja. Mudiri akawaambia askari, "Fungueni." Askari wakasukuma. Wakasukuma tena, kwa mabega.

"Bwana, umegoma."

"Mlango hugoma?"

"Huu umegoma."

Mudiri akatazama watu, na watu walikuwa wakimtazama yeye, ndoo mkononi. Akanyakua nyundo. Mwenyewe! Akapiga. Pigo la kwanza lilianguka chini kabisa, pale penye mstari wa mkaa uliopinda. Sudi akasema kwa sauti ndogo, "Inna lillahi." Waliokuwa karibu walisikia mwisho wake tu, wakadhani anashukuru kwa ajili ya maji, wakaitikia, "Alhamdulillahi." Ukuta ukabomoka kwa umbo la mlango, misumari ya Faki ikawa vumbi, kufuli ya Mashavu ikawa vumbi, na watu wakaingia, wakachota.

Ikafika arobaini. Khitma ikasomwa, watu wakala wali. Sudi akakitoa kile kiti, akakiweka ukumbini. Usiku na mchana alikuwa amekifuma upya, kamba mpya, ingawa hapakuwa na mgongo wa kuutunza. Karani wa Mudiri akakaa pembeni na kitabu chake cha vyama, tayari kumwandika atakayepewa kiti kuwa mwenyekiti. Sudi akasema, "Jamaa zangu, mnaujua wosia. Aliyeufungua mlango na aseme."

Faki akasimama wa kwanza. "Baba Sudi, mwenye macho haambiwi tazama. Kabla ya mimi palikuwa na ukuta. Baada ya mimi pakawa na mlango. Kinafunguliwa kisichokuwapo? Na mlango wangu umevunjwa. Kazi ile sitaiweza tena, hata nikiishi miaka mia. Nipe kiti."

"Faki," akasema Mashavu, "Mudiri alipouliza nani kauweka, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Wa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo, ndani ya pipa la unga la mjomba wako?"

Watu wakaangua kicheko, maana wiki ile nzima Faki alitembea mweupe nyusi hadi kope.

Mashavu akaendelea. "Baba, mmenisikia nikitukanwa. Leo nasema. Mlango wa Faki ulikuwa umefungwa. Mzuri, lakini umefungwa. Mwenye kuuacha wazi ni mimi. Kufuli ingefungwa, Hakimu angesema, 'Kufuli ni ya mwenyewe,' na Bi Tunu angekuwa korokoroni hadi leo."

"Muulize aliichora wazi kwa nini!" akapiga kelele Faki. "Baba, nimeliona duka lake. Kufuli yake imeharibika, haifungiki tangu mwaka juzi. Alinakili ile! Hajui kufuli nzima ikoje!"

Mashavu akasema, "Nilichora nilichokiona. Mungu ndiye ajuaye kwa nini macho yangu yaliangukia pale. Lakini ilikuwa wazi. Haikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi," wakasema watu.

Bi Tunu alikuwa bado anakula. Akanawa mikono taratibu, akasema akiwa amekaa. "Mwanangu Sudi. Mlango umechorwa, kufuli imechorwa. Nani alibisha? Nani alilala na chawa siku kumi na moja?"

"Lakini Bi mkubwa," akasema Faki, kwa upole sasa, "wewe ulidanganyika. Uliambiwa pana mlango, ukaamini. Wasiojua hawana ushujaa."

Bi Tunu akacheka. "Mimi ni kipofu, Faki, mikono yangu si mipofu. Siku ya kwanza niliupapasa. Ukuta mtupu, na rangi yako mbichi ikanichafua. Nilijua. Siku ya pili nikabisha, najua. Siku ya kumi nikabisha, najua."

Faki akauliza kwa sauti ya chini, "Basi chama cha picha kiongozwe na asiyeona picha?"

"Kwani kiti hukaliwa kwa macho?"

Hata Sudi alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini kicheko hakijaisha, mlangoni akasimama Mudiri mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, nyundo mkononi.

"Assalamu alaikum. Nimekuja kuchukua kiti changu."

"Kiti chako?"

"Marehemu alisema, aliyeufungua. Hakusema aliyechora, hakusema aliyebisha, hakusema aliyekosea kufuli. Mji mzima uliniona. Nani aliufungua, Sudi? Wewe ni mtu wa sala. Sema kweli."

Watu wakapiga kelele, "Toka! Utauziba kesho!" Mudiri hakutoka. "Wosia hauulizi nia," akasema. "Wosia unauliza mkono."

Sudi akainamisha kichwa. Alijua kwamba akitoa kiti vibaya, kesho wanawake wangeanza tena safari ya mtoni. Alijua pia kwamba neno la mkewe la mwisho halipindwi kwa kupenda wala kwa kuchukia, hata kama mstari wake wa mwisho ulikuwa umepinda. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti. Karani akachovya kalamu. Kwa mbali muadhini alikuwa akikohoa, akitengeneza koo lake kwa alasiri.

Haya, jamaa. Faki huyo, na mlango wake uliokuwa vumbi. Mashavu huyo, na kufuli yake ya bahati au ya akili. Bi Tunu huyo, na vidole vilivyojua. Mudiri huyo, na nyundo. Na atakayeniambia kwamba aliyeufungua ni Bi Salhina kwa ule mstari wake, nitamjibu kwamba Sudi naye aliliwaza hilo, akalia, na maiti harithi kiti chake mwenyewe.

Adhana haijatoka bado. Wewe ndiye Sudi, mkono wako uko juu ya kiti.

Je, mlango ule aliufungua nani?