Kidude cha Chumba cha Kwanza

Baridi haiulizwi jikoni. Mmeisikia leo kikaoni, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mufindi, mwezi wa saba, ukungu haubishi hodi. Hupita juu ya chai na kuifuta mstari mmoja mmoja, halafu huingia vyumbani na kukaa kitandani na watu.

Shamba lilikuwa na nyumba moja ndefu ya vyumba kumi. Wachuma chai waliilalamikia miaka mingi, na watoto wawili wakazikwa kwa kichomi, msisahau hilo, ndipo kampuni ikafunga hita ya umeme kila chumba. Hita zote zilitii kidude kimoja cha ukutani chenye kupima joto. Likifika digrii ishirini, kinazizima zote. Likishuka, kinaziwasha. Na kidude chenyewe kilipigiliwa wapi? Chumba cha kwanza, kwa mnyapara Chengula, kwenye ukuta uliopakana na jiko kuu la kuni.

Tulalumba alikaa chumba cha kumi. Alikuwa amejifungua mtoto njiti, wa viganja viwili, ambaye hakuwa na jina bado. Kwao, mtoto wa namna hiyo hapewi jina mpaka mkono wake ukae nje ya blanketi bila kupoa.

Siku hiyo alimlaza kifuani, akasinzia mchana. Akaota chumba chake kimekatika kutoka kwenye nyumba, kinaelea polepole ndani ya weupe, na mbali kabisa jiko la chumba cha kwanza linawaka kama nyota ya watu wengine. Alipoamka, vidole vya mtoto vilikuwa vimegeuka rangi.

Akambeba, akaenda chumba cha kwanza.

"Kamwene, baba," alisalimu mlangoni. "Hita yangu imelala tangu juzi."

Chengula alikuwa amevaa fulana tu.

"Kamwene. Baridi gani tena, mama? Kidude kinasema ishirini na mbili. Kati yako na hicho, nimwamini nani?"

"Kinasema kweli. Kinasema ya hapa."

"Na kinatuokolea umeme. Makao makuu wamenisifu."

"Hata mimi ningekaa kwenye mapaja ya jiko ningesifiwa."

Wapishi wakacheka upande wa pili. Tulalumba akafungua kanga aliyojitanda, iliyofuliwa siku tatu nyuma na bado mbichi, akakifunika kidude.

"Unafanya nini?"

"Nakionyesha chumba changu."

Haikupita muda, kidude kikalia ta ukutani. Hita ya Chengula ikaamka, kisha za jirani, mpaka nyumba nzima ikavuma taratibu kama nyuki wanaorudi.

"Toa hiyo nguo, nitaungua humu."

"Ungua kidogo, baba. Sisi tumeganda sana."

Akarudi kwake na mtoto. Chengula aliona haya kuigusa kanga ya mzazi. Alitoa kiti nje, akaketi ukunguni na fulana yake iliyolowa jasho, na ukungu ukamkalia kama ulivyowakalia wenzake. Alipoanza kugonganisha meno aliinuka, akatafuta bisibisi, akamwita fundi.

Jioni ile kidude kilihamia chumba cha kumi, kikawekwa digrii kumi na nane. Watu wakaziba nyufa za milango kwa matambara ili joto lisitoroke. Chengula akazima hita yake, maana jiko lilimtosha, na umeme haukupanda kama alivyohofia. Makao makuu wakamsifu tena. Tulalumba hakutajwa. Hilo nalo msilisahau.

Lakini wiki ile mkono mdogo ulilala nje ya blanketi, una joto kama mkate uliotoka kuokwa. Mama yake akaushika muda mrefu, akisubiri upoe. Haukupoa. Mtoto akaitwa Lwidiko, yaani imani.

Basi kesho mkiletewa karatasi inayosema shambani hali ni njema, ulizeni kwanza imeandikwa katika chumba gani. Baridi haiulizwi jikoni.