Jembe la Bwana Kibwawa

Paukwa! — Pakawa.
Palikuwa na nini? — Palikuwa na mto.
Mtoni mna nini? — Mna samaki.
Wanafanya nini? — Wanagombana.

Naam, hapo zamani, katika Mto Kiwele, walikuwa wanagombana. Mzee Kambare, mkuu wa samaki wote, alisema mgeni wao apewe jembe siku hiyohiyo. Bi Ningu, aliyekuwa ametaga mayai kwenye majani ya mtoni, alisema wangoje kwanza.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Mzee Kambare. "Au wazee walikosea?"

"Hawakukosea, mzee wangu. Lakini wao walijua mgeni wao analima nini. Sisi huyu hatumjui."

"Ana sharubu kama zangu. Huyo ni ndugu."

"Hata mbuzi ana ndevu," alisema Bi Ningu.

Mgeni mwenyewe aliitwa Bwana Kibwawa, samaki mnene mwenye magamba mapana. Mtu alikuwa akimfuga bwawani. Mvua kubwa ikabomoa kingo, mafuriko yakamleta mtoni. Kwa siku mbili alikula alichopewa, akashukuru, akalala.

Basi Mzee Kambare akamwita, akampa jembe. Mgeni akacheka, akasema, "Ahsante, mwenyeji wangu, lakini langu nimezaliwa nalo. Mdomo wangu huu ndio jembe."

Akainamisha kichwa, akaanza kulima huku anaimba:

Chimba nile, fukua nile,
shamba la mwenyeji halina mwisho.

Akalima asubuhi, majani yakang'oka. Akalima mchana, tope likapanda. Akalima jioni, mayai ya Bi Ningu yakazikwa na tope, halikupona hata moja.

Kisha akazaa na mke aliyeletwa naye na mafuriko, na watoto wao wote wakazaliwa na majembe yao. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Ndege mdiria akakaa tawini na njaa, kwa kuwa hakuona tena cha kuvua. Mzee Kambare naye akawa anaamkia magogo, akidhani ni mkewe.

Akaenda kwa Bi Ningu kuomba radhi. Bi Ningu hakumsimanga. Alimwambia kwamba juu ya maporomoko ya mawe maji bado ni safi, na kwamba yeye atataga tena.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Bi Ningu akaruka, akaanguka. Akaruka tena, akaanguka. Akaruka mara ya tatu, akavuka. Ndugu zake wakamfuata. Mzee Kambare, ambaye hawezi kuruka, alitambaa kwenye nyasi mbichi pembeni mwa mawe mpaka akafika. Huko Bi Ningu akataga, na safari hii mayai yakaanguliwa.

Huku chini Bwana Kibwawa alimaliza shamba. Akafuata. Akaruka mara tatu, na mara zote tatu tumbo likamrudisha. Akagonga jiwe.

"Hodi," alisema. "Hodi wenyewe. Hodi, mimi ni mgeni tu."

Mzee Kambare, kwa mazoea, akafungua kinywa aseme karibu. Bi Ningu akamziba kwa pezi.

Hadithi yangu imefika kwenye mawe, haina miguu ya kupanda zaidi. Mgeni mpokee, lakini umuulize kazi yake kabla hujamwonyesha shamba. Na samaki wa bwawani usimmwage mtoni. Anayesema nimedanganya akamuulize Mzee Kambare, sharubu bado anazo. Mimi nawaachia maneno ya Bi Ningu, aliyoyasema pale mlangoni pa mawe:

"Karibu, Bwana Kibwawa. Ila jembe liache nje."