Shamba Chafu la Mama Lutengano

Soma mpaka mwisho, kisha mtumie yeyote mwenye shamba na kiberiti.

Katika kijiji kimoja cha milimani, kila kiangazi kilipokaribia kwisha watu walichoma mabua mashambani. Shamba jeusi ndilo lililoitwa safi. Mwenye kuacha mabua aliitwa mvivu.

Mvivu mkuu alikuwa mjane mmoja, Mama Lutengano. Alipanga mawe kukinga maji, akatandaza mabua yaoze yawe udongo. Jirani yake Ndelwa, kila akipita, alimuuliza kama lile ni shamba au zizi.

Siku moja Ndelwa akachoma shamba lake bondeni. Upepo ukageuka. Moto ukapanda mlima kama uliotumwa, kuelekea kwenye nyumba za nyasi, na katika mojawapo alilala mama yake, asiyeweza kutembea. Kati ya moto na nyumba ile palikuwa na shamba la Mama Lutengano tu.

Ndelwa alikimbia akafika juu akihema. Mama Lutengano alikuwa kwenye ukanda aliokuwa ameupalilia ukabaki udongo mtupu, chini ya nyumba zile, akiwasha mabua yake mwenyewe.

Akamdaka mkono. "Unamchoma mama yangu?"

"Niache, shemeji. Moto wako una njaa. Nakiwahi chakula chake."

Moto wa mjane ukashuka polepole, ukakutana na ule uliopanda. Yote miwili ikakosa cha kula, ikafa.

Ndelwa akalia hadharani, akaahidi mbuzi. Mwenzake alikuwa akitazama mawingu.

"Mbuzi hawazuii maji. Mvua ikinyesha leo, udongo wangu unakwenda mtoni. Nipe mabua."

Ndelwa akageuka kutazama. Mlima mzima ulikuwa mweusi. Hakuna aliyekuwa na bua hata moja. Wote walikuwa wasafi.

Ndelwa akakimbia kwake. Akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe, akaanza kuezua. Watu wakadhani amerukwa na akili. Akabeba nyasi mzigo kwa mzigo, akazitandaza juu ya majivu ya jirani. Mvua ilipomwagika, mkewe alikuwa amesimama sebuleni, ameshika kiuno, analowa.

Udongo haukwenda.

Funzo: Paa ukiliezua utaliezeka tena, lakini udongo ukishafika mtoni hauitwi ukarudi. Kiberiti si jembe, na kinachoilisha ardhi yako usikiite uchafu.